Mwanao aliye ng'ambo hula wapi asubuhi?

MSOMAJI, kama una mtoto au ndugu anayeishi ng'ambo, bila shaka unayajua maswali ambayo mzazi huuliza simu inapoingia. La kwanza ni la afya. La pili ni la kazi. La tatu, ambalo halikosekani, ni la chakula. "Umekula?" Jibu nalo huwa lile lile miaka nenda miaka rudi: "Nimekula, mama." Simu hukatika, na mzazi hubaki na swali jingine ambalo hakuthubutu kuliuliza. Amekula wapi? Na amekula na nani?

Hebu fikiria. Mtu aliye ugenini hualikwa chakula cha jioni siku ya Jumamosi. Baada ya ibada ya Jumapili hukutana na Wakenya wenzake, wakala ugali na sukuma wiki na kupiga gumzo hadi usiku. Lakini ni nani umewahi kusikia amealikwa staftahi? Staftahi mtu huila na watu wake, au huila peke yake. Ndiyo maana nasema kwamba ukitaka kujua mwanao anaishije katika jiji kubwa, usitazame picha anazokutumia akiwa amesimama mbele ya majumba marefu. Uliza anakunywa chai yake ya asubuhi wapi.

Jambo hili nililielewa vyema mnamo Agosti 2025, shule zilipofungwa, tulipofunga safari ya New York kumtembelea mdogo wangu. Tulikuwa watu watano: mama yangu mwenye umri wa miaka 71, mume wangu, watoto wetu wawili na mimi. Ndege ya Kenya Airways hutoka Nairobi na kwenda New York moja kwa moja, safari iliyoanzishwa Oktoba 2018, na huchukua muda wa saa 15 hivi. Mama hakulala hata lepe. Alikuwa hajamwona mwanawe uso kwa uso tangu 2016.

Ni vizuri umjue mama yangu kidogo, msomaji, kwa sababu si mtu wa kudanganywa katika mambo ya hoteli. Kwa zaidi ya miaka 20 alikuwa na hoteli ndogo ya chai karibu na stendi ya mabasi mjini Kitale. Aliamka saa tisa za usiku kukanda unga wa mandazi ili madereva na utingo wa mabasi ya alfajiri wapate kitu cha moto kabla ya kuanza safari. Karo yetu ya shule ilitoka katika birika hilo la chai. Hadi leo akiingia katika hoteli yoyote, kwanza hutazama kitambaa cha kufutia meza. Kikiwa kichafu, hugeuka na kuondoka.

Mdogo wangu naye ni mtu wa usiku, kama mama alivyokuwa. Anafanya kazi katika makao ya kutunzia wazee. Huingia kazini saa tano za usiku na kutoka saa moja asubuhi. Sisi tulipokuwa tukiamka, yeye alikuwa akitafuta kitanda. Sisi tuliporudi jioni tukiwa tumechoka kutembea, yeye alikuwa akivaa sare aende zake. Siku tatu zilipita, na mama alikuwa amezungumza na mwanawe kwa muda usiozidi saa mbili.

Asubuhi hizo tatu tulitafuta cha kula kama wageni wengine. Gesti tuliyokuwa tukilala ilikuwa na chumba cha staftahi chenye nafaka kavu za kutiliwa maziwa baridi, keki ndogo zilizofungwa kwa plastiki, na mashine ya kahawa iliyobonyezwa kidole. Hapakuwa na mtu. Siku ya pili tulikuwa Manhattan mapema, tukapita mbele ya hoteli moja kubwa iliyobandika bei mlangoni: dola 32 kwa kila mtu mzima. Mume wangu alipiga hesabu papo hapo. Watu wazima watatu ni dola 96, yaani zaidi ya Sh12,000 kwa kiwango cha Sh129 kwa dola, na watoto bado hawajaonja kitu. Tulipita.

Siku ya tatu tuliingia katika duka la maandazi matamu yenye tundu katikati. Watoto walifurahi. Mama alipewa kahawa katika kikombe cha karatasi, akasimama nayo dirishani akiwatazama watu wanaokimbilia treni, kila mmoja na kikombe chake mkononi. Akanigeukia, akasema, "Huku si kula, mwanangu. Huku ni kujaza tangi."

Jioni hiyo mdogo wangu alipokuja kutujulia hali, mama alimwambia, "Kesho nipeleke mahali unapokula wewe."

Kijana alisitasita. "Mama, pale ni mahali pa watu wa kazi tu. Jumapili nitawapeleka mahali pazuri."

"Mimi nimewapikia watu wa kazi miaka ishirini," mama akamjibu. "Nipeleke."

Mkokoteni wa 1872

Hoteli aliyotupeleka ni ya aina ambayo Wamarekani huiita daina. Ipo katika mtaa wa Sunnyside, eneo la Queens, karibu na mahali ambapo treni ya laini ya 7 hupita juu ya barabara kwenye nguzo za saruji ikinguruma. Ukiingia, unakutana na kaunta ndefu yenye viti vya duara vilivyofungwa sakafuni. Upande wa madirisha kuna viti vyenye migongo mirefu, viwili viwili vikitazamana na meza katikati, kama vile vya behewa la garimoshi. Nyuma ya kaunta kuna bamba kubwa la chuma la kukaangia, na mpishi hukaanga mbele ya macho yako. Kuna kabati la vioo lenye keki na pai za matunda. Orodha ya vyakula ni kitabu kizima.

Mama alitazama kitambaa cha mhudumu. Kilikuwa cheupe. Akaketi.

Wateja waliokuwamo walinifungua macho. Wauguzi watatu waliovalia sare zao walikuwa wamevua viatu chini ya meza. Dereva wa teksi alikuwa akisoma gazeti. Wanaume wawili wenye fulana za kung'aa, za watu wanaokarabati barabara usiku, walikula bila kusema neno. Nusu ya watu mle ndani hawakuwa wakianza siku. Walikuwa wakiimaliza.

Na hilo, msomaji, si jambo la kubahatisha. Hoteli za aina hii zilizaliwa kwa ajili ya watu wa usiku. Mnamo 1872, katika mji wa Providence, jimbo la Rhode Island, mtu mmoja kwa jina Walter Scott alianza kuuza chakula katika mkokoteni uliokokotwa na farasi. Aliuegesha nje ya ofisi za gazeti. Wapiga chapa na waandishi waliokesha humo walitoka wakiwa na njaa saa ambazo hoteli za kawaida zilikuwa zimefungwa, naye akawauzia mkate, mayai ya kuchemsha na kahawa kupitia dirishani. Mimi ninayekula mkate wa gazeti niliposoma habari hizo nilimshukuru marehemu huyo kwa niaba ya wenzangu wote.

Baadaye, mnamo 1887, mtu mwingine aitwaye Samuel Jones alitengeneza mkokoteni mkubwa zaidi huko Worcester, Massachusetts, ambao wateja waliweza kuingia na kusimama ndani, wakijikinga na mvua na baridi. Polepole mikokoteni ikaacha kutembea, ikakita mahali pamoja. Katika karne ya 20 viwanda, vingi vikiwa katika jimbo la New Jersey, vilitengeneza hoteli nzima nzima zilizofanana na mabehewa ya treni ya kulia chakula, zikasafirishwa na kutuliwa penye kiwanja. Jina lenyewe la daina linatokana na mabehewa hayo.

Jijini New York daina nyingi zilishikwa na wahamiaji kutoka Ugiriki, hasa baada ya Vita Vikuu vya Pili. Hata kikombe maarufu cha karatasi cha jiji hilo, chenye rangi ya samawati na nyeupe na maneno ya kusema kwamba wenye hoteli wanafurahi kukuhudumia, kilichorwa mnamo 1963 kwa nakshi za Kigiriki ili kiwavutie wenye daina wakinunue. Aliyekichora, Leslie Buck, hakuwa Mgiriki. Alikuwa mhamiaji mzaliwa wa Czechoslovakia aliyenusurika kambi za mateso za Wanazi. Kwa hivyo usidhani kwamba staftahi hii ya "Kimarekani" ni ya wenyeji wa tangu jadi. Imepikwa na wageni kwa ajili ya wageni wenzao kwa muda mrefu. Katika hoteli yetu ya Sunnyside, mwenyewe alikuwa mtoto wa Wagiriki, mpishi alikuwa ametoka Mexico na mhudumu wetu alizaliwa Colombia.

Mayai ya namna gani?

Kuagiza chakula katika daina ni mtihani. Mama alitaka mayai mawili na mkate, basi. Mhudumu, mama wa makamo mwenye mvi na kalamu iliyochomekwa nyuma ya sikio, akaanza kuuliza maswali. Mayai yavurugwe au yakaangwe? Yakaangwe upande mmoja tu, kiini kikitazama juu kama jua, au yageuzwe? Yakigeuzwa, kiini kibaki laini au kikauke? Mkate wa ngano nyeupe, wa ngano isiyokobolewa, au wa shayiri nyeusi? Soseji, bekoni au hakuna nyama?

Nilipomtafsiria hayo yote, mama alicheka hadi akashika ubavu. "Mwambie mimi nilikuwa na swali moja tu pale Kitale: yai moja au mawili?"

Chakula kilipoletwa, kicheko kilikoma. Sahani zilikuwa kubwa kama sinia. Kando ya mayai palijaa viazi vilivyokatwa vipande vidogo na kukaangwa pamoja na vitunguu hadi vikawa vya rangi ya hudhurungi. Mkate ulikuwa umechomwa na kupakwa siagi. Watoto waliletewa chapati nene za maziwa na mayai, tatu tatu zikiwa zimepandana, nao wakazimwagia shira ya mti wa mepo hadi sahani ikawa ziwa. Mume wangu alikunywa kahawa, na kila kikombe kilipofika nusu mhudumu alipita na birika akakijaza tena. Kwa kahawa ya kawaida mteja hulipa kikombe cha kwanza tu. Vinavyofuata ni bure hadi utakapochoka.

Mama hakula haraka. Alichukua kikombe chake akahamia kwenye kiti cha kaunta, akawa anamtazama mpishi. Yule bwana alipasua mayai mawili kwa mkono mmoja, akageuza viazi kwa mwingine, na wakati wote huo alikuwa akisikiliza maagizo sita aliyoitiwa na wahudumu. Kwa dakika 15 nzima mama hakuondoa macho. Aliporudi mezani alisema maneno matatu: "Huyu anajua kazi."

Chai yake

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike haya.

Kama umewahi kufika Marekani, unajua shida ya chai. Ukiagiza chai huletewa kikombe cha maji moto, kifuko cha majani kandoni na maziwa baridi. Kwa Mkenya, hiyo si chai, hayo ni malighafi. Chai ya maziwa iliyopikwa kama yetu haikuwamo katika kitabu chote kile cha vyakula.

Hata hivyo, kabla mdogo wangu hajafungua kinywa kuagiza, yule mhudumu alikwisha kuweka mbele yake kikombe kikubwa cha chai iliyochemshwa pamoja na maziwa, yenye rangi ile ile unayoijua wewe. Hakuwa ameulizwa. Aliiweka, akampigapiga begani, akaendelea na kazi.

Mama aliukazia macho mkono ule. Kisha akakivuta kile kikombe, akaonja. "Sukari imezidi," akasema. Akakinywa chote.

Mdogo wangu alieleza kwa aibu kidogo kwamba yeye ndiye aliyewafundisha, miaka mitatu nyuma. Sufuria ndogo, maji nusu, maziwa nusu, majani yachemke humo humo. Mpishi alipinga mwanzoni. Siku hizi huianza pindi anapomwona akivuka barabara.

Mhudumu aliporudi aliuliza, "Huyu ndiye mama?" Nikamwambia ndiye. Basi akavuta kiti, ingawa watu walikuwa wengi, akaketi na kuanza kusema. Alijua kwamba mama ana maumivu ya goti. Alijua tulijenga nyumba mpya nyumbani na bati lilikuwa la rangi gani. Alijua majina ya watoto wangu. Nami nikawa natafsiri, huku mdogo wangu akitazama sahani yake.

Kisha akasema jambo ambalo sisi hatukulijua. Mnamo Februari, wakati wa baridi kali, kijana hakuonekana siku mbili. Mhudumu akamuuliza mwenzake wa kazini ambaye pia hula hapo, akaambiwa ni mgonjwa, yuko peke yake chumbani. Siku ya tatu alimwomba mpishi atie supu ya kuku katika chombo, akaipeleka mwenyewe baada ya zamu yake. Alifanya hivyo siku nne mfululizo.

Mama aliuliza tarehe. Akahesabu vidole. Katika siku hizo alikuwa amepiga simu mara mbili, na mara zote mbili alijibiwa, "Nimekula, mama."

Kwa kitambo hakuna aliyesema. Hata watoto walinyamaza. Nilidhani mama angemkaripia mwanawe, maana ni mkali. Badala yake aliinuka kwa goti lake hilo bovu, akaushika mkono wa yule mama kwa mikono yake yote miwili kama tunavyofanya kwetu, akasema kwa Kiswahili, "Asante, dada yangu. Umenilelea." Nilipotaka kutafsiri, mhudumu alitikisa kichwa kuonyesha kwamba amekwisha kuelewa.

Yupo mchoraji wa Kimarekani, Edward Hopper, ambaye mnamo 1942 alichora picha ya hoteli ya namna hiyo usiku wa manane. Picha yenyewe imo katika jumba la sanaa mjini Chicago. Ndani yake kuna watu wanne chini ya taa kali, mhudumu akiwa miongoni mwao, na kila mmoja anaonekana yuko mbali na mwenzake. Mama hajawahi kuiona picha hiyo. Lakini naamini kwa miaka tisa hiyo ndiyo aliyokuwa nayo kichwani kila alipokata simu. Asubuhi ile aliiona hoteli yenyewe kwa macho yake, na haikufanana na mchoro. Ama kweli, kusikia si kuona.

Bili na bakshishi

Najua wapo wanaotaka kujua gharama, hasa akina baba. Tulikuwa sita mezani. Sahani nne za mayai kwa dola 13 kila moja ni dola 52. Sahani mbili za chapati nene za watoto kwa dola 10 ni dola 20. Chai na kahawa nne kwa dola 3 ni dola 12. Jumla dola 84. Hapo jiji na jimbo huongeza kodi ya mauzo ya asilimia 8.875, ambayo haimo katika bei iliyoandikwa. Ilikuwa dola 7 na senti 46.

Kisha kuna bakshishi. Mume wangu alidhani ni hiari, kama kwetu. Mdogo wangu alimsahihisha kwa upole: "Shemeji, bakshishi hapa ni sehemu ya mshahara." Ni kweli. Sheria ya serikali kuu ya Marekani inamruhusu mwajiri kumlipa mfanyakazi anayepokea bakshishi dola 2 na senti 13 tu kwa saa, mradi bakshishi zitimize kima cha chini, na kiasi hicho hakijabadilika tangu 1991. Jimbo la New York limeweka kima cha juu kuliko hicho, lakini hata huko mhudumu hutegemea anachoachiwa mezani. Desturi ni kati ya asilimia 18 na 20. Tuliacha dola 16 na senti 80. Yote kwa jumla ilikuwa dola 108 na senti 26, karibu Sh14,000.

Ni pesa nyingi, sikatai. Kwa kiasi hicho hoteli ya mama pale Kitale ingelisha basi zima na likabaki la kumpa askari wa stendi. Lakini sita walishiba hadi jioni, na dola 96 za ile hoteli ya Manhattan zingewatosha watatu.

Niliona pia kwamba bei nyingi katika kitabu cha vyakula zilikuwa zimebandikwa vibandiko juu ya zile za zamani. Mwenye hoteli alisema ni mayai. Homa ya mafua ya ndege iliangamiza kuku wengi nchini humo, na mnamo Machi 2025 bei ya wastani ya dazeni moja ya mayai madukani ilipita dola 6. Kwa hoteli inayoishi kwa mayai, hilo lilikuwa pigo.

Lakini mayai si adui mkubwa. Adui ni kodi ya nyumba. Daina nyingi za New York zimefungwa katika miaka ya karibuni kwa sababu ardhi zilipo ina thamani kubwa kuliko mayai yatakayowahi kukaangwa juu yake. Nyingi zilizokuwa zikifungua saa 24 zilipunguza saa baada ya janga la korona la 2020, na hazikurudia kukesha. Hii ya Sunnyside sasa hufungwa saa nne za usiku na kufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi. Mwenyewe alituambia kwamba mkataba wake umebakisha miaka miwili, na wenye jengo hawajasema kama watauendeleza.

Mama aliposikia hayo, furaha ilimpungua. "Wakifunga," akaniuliza njiani, "huyu atakula wapi?"

Sikuwa na jibu. Yeye alikuwa nalo. Mchana huo huo alitutuma dukani tukanunua sufuria mbili, chuma cha chapati na kibao cha kusukumia. Kila alasiri kwa siku zilizobaki, kabla kijana hajaenda kazini, mama alisimama naye katika kijiko cha jikoni ambacho yeye na wapangaji wenzake hutumia, akimfundisha kukanda unga kama alivyowafundisha wasichana wake wa hoteli. Kijana wa miaka 33 alikemewa mbele ya wenzake kwa kutia maji mengi. Chapati za kwanza zilikuwa na umbo la ramani ya Afrika. Siku ya tatu mpangaji mmoja, kijana kutoka Nepal, alibisha mlango kuuliza harufu hiyo ni ya nini. Mama alimkaribisha, akamvutia kiti, akamwambia mwanawe, "Umeona? Hoteli ni ya kupanga. Lakini mwenye sufuria hakosi wa kula naye."

Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Nilikuwa nikiitaja methali hiyo tangu shule ya msingi, nikidhani ni ya kitoweo cha siku ya wageni. Nimeiona ikitimia katika jikoni ya watu wanne huko Queens.

Ukienda wewe

Msomaji, huenda nawe siku moja ukabahatika kutembea na jamaa yako katika jiji kama hilo. Nikupe mambo machache ya kukusaidia.

Kwanza, usiulize gesti wageni hula wapi. Tazama watu waliovalia sare za kazi wanaingia mlango upi kati ya saa kumi na mbili na saa mbili asubuhi, uwafuate. Jumapili epuka, kwa kuwa foleni huwa ndefu.

Pili, sahani ni kubwa. Watoto wawili wadogo waweza kugawana moja, na hakuna atakayewacheka. Mabaki huomba chombo ukayabeba.

Tatu, kama dini yako hairuhusu nguruwe, si neno kusema tu kwamba hutaki bekoni. Bamba la kukaangia ni moja kwa vyakula vyote. Uliza kama wanaweza kukuchemshia mayai au kukupikia katika kikaango cha kando.

Nne, weka akiba ya bakshishi kabla hujaketi. Usiagize sahani ya tano kwa pesa za mhudumu.

La mwisho, beba kitu cha nyumbani mkobani. Mama alikuwa na kiondo kipya alichokusudia kumpa mke wa mchungaji wa kanisa la Wakenya huko. Mke wa mchungaji alipata majani ya chai. Kiondo kilikwenda Sunnyside, na nilipozungumza na mdogo wangu majuzi aliniambia kinaning'inia nyuma ya kaunta, kikiwa kimejaa kalamu na karatasi za bili. Kama yuko mtu anayemmiminia mwanao chai asubuhi huko aliko, usirudi nyumbani kabla hujamshika mkono na kumuuliza jina lake.